Barua Haikupotea, Imezuiwa Getini

Kipindi cha maombi ya fildi kikikaribia, malalamiko ya kantini na ya makundi ya WhatsApp huwa ni yale yale. "Shule haijanijibu." "Nimeomba ufadhili, kimya." "Wanasema walituma tangu wiki iliyopita, mimi sijaona kitu." Baadhi yetu tunaamua kwamba shule zina dharau, wengine tunaamua kwamba watu wa TEHAMA wamelala. Lakini kuna jibu la tatu ambalo wengi hatulifikirii: barua ilitumwa, ilifika, ila ilisimamishwa kabla ya kuingia kwenye inboksi yako. Iko mahali. Na ukijua njia, unaweza kuipata kabla tarehe ya mwisho haijapita.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na TEHAMA. Likizo ndefu iliyopita nilijitolea katika ofisi moja hapa Arusha mjini inayohudumia barua pepe za taasisi kadhaa. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu wenye barua "zilizopotea" na kusaidia kuzitafuta. Nilichojifunza pale si siri ya mafundi. Ni jambo ambalo mwanachuo yeyote anaweza kulielewa na kulitumia.

Geti lilitoka wapi

Kanuni ambazo seva hutumia kupelekeana barua pepe, zinazoitwa SMTP, ziliandikwa mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa watu wachache, wengi wao wa vyuo na maabara, waliokuwa wakiaminiana. Kwa hiyo hakuna aliyeweka ukaguzi wa jina la mtumaji. Ni kama bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina la mtu yeyote, na karani hatakuuliza kitambulisho. Hadi leo, kwa SMTP peke yake, mtu aliyekaa popote duniani anaweza kutuma barua inayoonekana imetoka kwa mkuu wako wa chuo.

Usumbufu wenyewe ni mkongwe kuliko hata kanuni hizo. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani alituma tangazo la biashara kwa watu wapatao 400 kwenye mtandao wa ARPANET, na wengi wakakasirika. Mwaka 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Canter na Siegel, walimwaga tangazo la bahati nasibu ya green card kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano. Kumbe chambo cha green card hakikuanza na kizazi chetu.

Ndipo taasisi zikaanza kuweka geti. Ni seva inayokaa mbele ya seva ya barua za taasisi. Barua zote za kutoka nje zinatakiwa kupita hapo kwanza, na pale zinakaguliwa kwa mambo matatu.

La kwanza, nani anagonga. Geti linatazama anwani ya IP ya seva inayoleta barua na kuilinganisha na orodha za seva zenye sifa mbaya. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa mwaka 1998, ni miongoni mwa wanaotunza orodha hizo.

La pili, kitambulisho. Hapa kuna vifupisho vitatu ambavyo ni vizuri kuvizoea. SPF ni tangazo ambalo mwenye kikoa (lile jina linalofuata alama ya @) anaweka hadharani kusema, "barua zangu hutumwa na seva hizi tu." DKIM ni sahihi ya kidijitali inayoambatana na barua, inayoonyesha kwamba haikubadilishwa njiani. DMARC ni maagizo ya mwenye kikoa kuhusu nini kifanyike barua ikishindwa vipimo hivyo: ipite, iwekwe kando, au ikataliwe.

La tatu, maudhui. Maneno, viungo, viambatisho, na jinsi barua ilivyotengenezwa.

Baada ya hapo geti linaamua. Barua inapita, au inawekwa karantini, au inakataliwa kabisa na mtumaji anarudishiwa taarifa. Karantini ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu mtumaji anaamini barua imefika, na mpokeaji anaamini haijatumwa. Wote wawili wanasubiri.

Geti linasahihisha mtihani

Wengi wanadhani kichujio kina orodha ya maneno mabaya, na ukiandika neno mojawapo umekwisha. Sivyo. Kinatoa maksi, kama sisi tunavyosahihisha daftari. Programu ya SpamAssassin, ambayo haina malipo na imetumika kwa miaka zaidi ya 20, huipa barua pointi kwa kila dalili. Dalili mbaya zinaongeza, dalili nzuri zinapunguza. Zikifika 5, ambacho ndicho kiwango inachokuja nacho, barua inahesabiwa kuwa taka. Fundi anaweza kukipandisha au kukishusha.

Sehemu ya maksi hizo hutoka kwenye hesabu tuliyoisoma kidato cha sita: uwezekano. Mwaka 2002 Paul Graham aliandika makala iliyofanya watu wengi watumie kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, kupambana na barua taka. Tuchukue mfano wa kubuni. Una barua 100 taka na 100 nzuri ambazo mtu amezipanga kwa mkono. Neno "hongera" limo katika barua taka 40 na nzuri 10. Kwa hiyo barua yenye "hongera" ina uwezekano wa 40 kwa 50, yaani 0.8, kuwa taka. Neno "ratiba" limo katika taka 2 na nzuri 38, yaani 2 kwa 40, au 0.05.

Sasa inakuja barua yenye maneno yote mawili: "Hongera, ratiba yako ya mafunzo ni hii." Ukiyaunganisha, unazidisha 0.8 kwa 0.05 unapata 0.04. Upande wa pili unazidisha 0.2 kwa 0.95 unapata 0.19. Gawanya 0.04 kwa jumla ya hizo mbili, 0.23, unapata kama 0.17. Barua inapita. Neno moja baya halikuimaliza, kwa sababu neno zuri liliitetea.

Ila angalia jambo moja. Hesabu nzima inategemea barua zilizopangwa mwanzoni. Kichujio kilichofundishwa kwa barua za Kiingereza tu kikikutana na barua ya Kiswahili, maneno mengi kwake ni mageni. Hayamtetei mtumaji wala hayamshtaki. Barua ya mkuu wa shule iliyoandikwa kwa Kiswahili safi inabaki kuhukumiwa kwa vitu vingine: anwani ya IP, SPF, kiambatisho. Kwa maneno mengine, inakosa mashahidi wa kuitetea. Dawa yake ni kukifundisha kichujio kwa barua zetu wenyewe, na hilo linawezekana.

Maneno peke yake hayatoshi

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hebu ikague neno kwa neno. Ile, hela, tuma, namba, hii. Hakuna hata moja lenye kasoro. Ni maneno ambayo mama yako anaweza kukutumia leo jioni. Ubaya wake hauko kwenye maneno, uko kwa mtumaji: namba ngeni inayojifanya ya mtu unayemfahamu, ikitegemea kwamba kati ya watu wengi, yupo mmoja ambaye muda huo huo anasubiri kuelekezwa pa kutuma hela.

Utapeli wa barua pepe unaenda kwa mtindo huo huo. Arusha ni mji wa utalii. Kampuni za safari zinaandikiana na wageni wa Ulaya na Marekani kwa barua pepe, ankara zinakwenda na kurudi. Tapeli akiweza kutuma barua inayofanana na ya kampuni na kusema "akaunti yetu ya benki imebadilika," hahitaji neno lolote la ajabu. Ndiyo maana vipimo vya kitambulisho vimepewa uzito mkubwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na SPF, DKIM na DMARC. Kwa Google, wingi ni kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Hata mtumaji mdogo anatakiwa awe walau na SPF au DKIM.

Hapo ndipo shule zetu nyingi zinapoumia bila kujua.

Jinsi ya kuifuata barua

Nitaeleza hatua kwa kutumia kisa cha mwenzangu wa darasani. Aliomba nafasi ya fildi katika shule moja ya sekondari huku chini ya Mlima Meru. Siku 11 zikapita kimya. Alipopiga simu, mwalimu wa taaluma akamwambia barua ya kumkubali ilitumwa kitambo, na wakikosa uthibitisho wake hadi Ijumaa nafasi inakwenda kwa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumwuliza mtumaji: je, ulirudishiwa ujumbe wowote? Swali hili linaokoa muda mwingi. Barua ikikataliwa, seva ya mtumaji hupewa namba. Ikianza na 5, kama 550, maana yake imekataliwa moja kwa moja. Ikianza na 4, kama 451, maana yake "rudi baadaye," na seva ya mtumaji itajaribu tena yenyewe. Mageti mengine hufanya hivyo makusudi kwa mtumaji mgeni, kwa sababu programu nyingi za kumwaga barua taka hazina subira ya kurudi. Shule ilisema haikurudishiwa kitu. Basi barua haikukataliwa. Imepokelewa, iko ndani.

Hatua ya pili, tulitafuta kwenye folda ya taka ya akaunti yake. Haikuwepo. Hapa wengi huishia, na wanakosea kuishia hapa. Folda ya taka iko ndani ya akaunti yako, lakini karantini iko getini, na wewe huioni. Anayeiona ni fundi.

Hatua ya tatu, tukaenda kitengo cha TEHAMA tukiwa na vitu vinne: anwani kamili ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, kichwa cha habari, na muda. Muda una mtego wake. Mwalimu alisema alituma "saa nne asubuhi." Kwa saa ya kidijitali hiyo ni 10:00. Lakini kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo getini inasomeka 07:00. Fundi akitafuta 04:00 hatapata kitu, akitafuta 10:00 hatapata kitu, na atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba barua haikuja.

Tulipotafuta 07:00 ya siku ile, ikaonekana. Karantini.

Hatua ya nne ni kusoma sababu. Geti huandika lilichokipima na pointi lilizotoa. Barua ile ilikuwa imeshindwa SPF. Shule ilikuwa imehamisha barua zake kwa mtoa huduma mwingine, lakini lile tangazo la SPF bado liliitaja seva ya zamani. Kwa hiyo mbele ya geti, mkuu wa shule alionekana kama mtu anayejifanya mkuu wa shule. Sahihi ya DKIM haikuwepo. Mwili wa barua ulikuwa mtupu, maneno yote yakiwa kwenye kiambatisho kilichoskaniwa. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyotosha kuizuia peke yake. Kwa pamoja zilivuka mstari.

Fundi aliitoa barua, mwenzangu akajibu Alhamisi asubuhi, na fildi akafanya pale pale.

Wewe mwenyewe unaweza kufanya sehemu ya kazi hii. Ukiwa na barua ya Gmail kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni yake, chagua kuonyesha barua asilia, kisha tafuta mstari unaoanza na Authentication-Results. Ukiona spf=pass na dkim=pass, kitambulisho kimekubaliwa. Ukiona fail, una jambo la kumwambia mtumaji. Lakini kumbuka, pass inathibitisha kikoa tu. Haisemi kwamba aliyeandika ni mtu mwema. Tapeli naye anaweza kununua kikoa chake na kukiwekea SPF safi.

Dawa isizidi ugonjwa

Kishawishi kikubwa baada ya kisa kama hiki ni kumwambia fundi, "waruhusu wote hawa wapite bila kukaguliwa." Nimeona madhara yake. Ukiruhusu gmail.com yote kwa sababu ya mwalimu mmoja, umewaruhusu pia matapeli wote wenye akaunti za Gmail. Na kosa baya zaidi ni taasisi kuweka kikoa chake yenyewe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Inaonekana jambo la busara, nani asiyejiamini? Lakini barua za ndani kwa kawaida hazipiti geti la nje. Barua inayokuja kutoka nje ikiwa na jina la chuo chako ndiyo hasa ya kushukiwa, na wewe umeifungulia mlango.

Kuna na tatizo la kinyume, taka zinapoingia kwa wingi wakati geti lipo na linafanya kazi. Mara nyingi zinapita mlango wa nyuma: seva ya ndani imeachwa wazi ikipokea barua moja kwa moja kutoka mtandaoni, bila kulazimisha zipite getini. Fundi anaweza kukaza kichujio wiki nzima bila mabadiliko, kumbe barua zenyewe hazijawahi kukiona. Kwa hiyo swali la kwanza kwa barua taka iliyopenya liwe: je, ilipita getini? Kumbukumbu za safari yake, zilizo juu ya barua asilia, zitakujibu.

Suluhisho la kudumu kwa kisa cha mwenzangu lilikuwa dogo. Shule irekebishe mstari mmoja wa SPF. Fundi aiweke barua ile kwenye fungu la nzuri ili kichujio kijifunze. Ikibidi kuruhusu, iruhusiwe anwani ile moja, tena kwa muda.

Samaki mmoja akioza

Sisi wanafunzi si wahanga tu katika habari hii. Kuna upande ambao geti linatuangalia sisi.

Mwanachuo anapokea barua: "Akaunti yako imejaa, ingia hapa uthibitishe." Anaweka neno lake la siri kwenye ukurasa wa bandia. Usiku ule akaunti yake ya chuo inaanza kumwaga maelfu ya barua taka duniani. Zote zinatoka kwenye seva ya chuo, zina SPF sahihi, zina sahihi ya DKIM. Baada ya muda anwani ya IP ya chuo inaingia kwenye orodha za wenye sifa mbaya, na hapo si yeye peke yake anayeumia. Barua ya mwenzake aliyeomba ufadhili Ujerumani inakataliwa. Barua ya mhadhiri kwa jarida inakataliwa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kuondolewa kwenye orodha kunawezekana, lakini kwanza lazima chanzo kizibwe, vinginevyo mnarudishwa tena.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kinachogusa utumaji wa jumbe zisizoombwa kwa nia ya uhalifu, na kwa meseji za simu za kitapeli TCRA wametoa namba 15040 ya kuzipeleka. Lakini sheria huja baada ya tukio. Kinachozuia mapema ni neno la siri lisilotumika kwingine, uthibitisho wa hatua mbili, na mazoea ya kutobonyeza kiungo kwa sababu tu kina haraka.

Nani alipe gharama ya kosa

Sisi walimu watarajiwa tunajua kwamba kila mtihani una makosa ya aina mbili: kumpitisha asiyestahili na kumfelisha anayestahili. Kichujio nacho ni hivyo hivyo. Ukikikaza, utawazuia wakweli. Ukikilegeza, matapeli wataingia. Hakuna fundi anayeweza kuondoa makosa yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo swali la haki ni hili: geti likikosea, aliyekosewa atajuaje?

Mwanafunzi aliyefelishwa mtihani anaona matokeo na anaweza kukata rufaa. Mwanafunzi ambaye barua yake imewekwa karantini haoni chochote. Hapo ndipo naomba serikali yetu ya wanafunzi iweke mkazo. Mageti mengi yana uwezo wa kumtumia kila mtumiaji muhtasari wa kila siku wa barua zake zilizozuiwa, pamoja na nafasi ya kuomba iachiwe. Mara nyingi ni suala la kuuwasha tu. Tuombe uwashwe, hasa miezi ya maombi ya fildi na ufadhili. Tuombe pia kichujio kifundishwe kwa barua za Kiswahili, maana shule tunazoziandikia zinajibu kwa Kiswahili.

Wakati tunasubiri, anza na lililo mikononi mwako. Ukiomba nafasi popote, usisubiri siku 11. Baada ya siku tatu piga simu uulize walituma lini, kutoka anwani gani, na kama walirudishiwa namba yoyote. Andika majibu kwenye karatasi, geuza saa kuwa UTC, kisha nenda TEHAMA. Ukifika na karatasi hiyo, fundi ataanza kutafuta palepale.